Kompyuta ya Kikundi Haiwaki: Je, Mazabodi Imekufa Kweli?



Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kimetuandikia barua. Wanacho kikundi wana kompyuta moja ya mezani. Waliinunua ikiwa imekwisha tumika. Ndani yake wameweka hesabu za hisa na mikopo ya wanachama wote. Sasa imegoma kuwaka. Fundi mmoja wa mjini aliitazama dakika chache tu, akasema: "Mazabodi imekufa. Nunueni kompyuta nyingine." Wanauliza, je, ni kweli? Na hesabu zao zimekwenda wapi?

Tuanze na hesabu, maana ndizo zinazowanyima usingizi. Hesabu hazikai katika mazabodi. Zinakaa katika diski, nayo ni kifaa cha peke yake, kimefungwa kwa skrubu na kuungwa kwa waya. Mazabodi ikifa, diski haifi nayo. Fundi anaweza kuitoa, akaiunga kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yakasomwa. Ila kama mafaili yamefungwa kwa namba ya siri, lazima namba hiyo mwe nayo. Kwa hiyo msikubali diski ibaki mjini. Msikubali pia kuambiwa "tumeisafisha" kabla hamjatoa nakala ya hesabu zenu.

Sasa, mazabodi ni kitu gani? Wengine huiita ubao mama. Ukifungua ubavu wa kompyuta utaona ubao mpana, mara nyingi wa kijani, wenye vitu vingi vidogo vidogo. Vitu vyote vya kompyuta huungwa hapo. Prosesa, yaani kile kinachofanya hesabu, imekaa hapo chini ya feni. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda, imechomekwa hapo. Ndani ya ubao mna njia nyembamba za shaba, nazo zimepangwa tabaka juu ya tabaka, nne au sita au zaidi. Umeme hupita humo kama watu wanavyopita katika vichochoro vya soko.

Ubao huu hautumii umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme wa ukutani ni volti 230 hivi. Liko sanduku la chuma nyuma ya kompyuta, mafundi huliita pawasaplai. Kazi yake ni kuupunguza umeme huo hadi volti 12, volti 5 na volti 3.3. Sanduku hilo usilifungue kabisa! Hata ukichomoa waya ukutani, ndani yake unaweza kubaki umeme wa volti 300 na zaidi kwa muda. Huo unaua.

Basi kompyuta isipowaka, msikimbilie kuilaumu mazabodi. Ndiyo kifaa cha mwisho kushukiwa, si cha kwanza. Chomekeni taa au redio katika soketi ile ile. Je, inawaka? Jaribuni waya mwingine wa umeme. Tazameni swichi ndogo nyuma ya sanduku, pengine mtu aliyefagia aliigusa. Mambo haya ni madogo, lakini kompyuta zimebebwa juu ya basi hadi mjini kwa sababu ya swichi hiyo.

Hayo yakiwa sawa, angalieni dalili. Kama kompyuta imekaa kimya kabisa, hakuna taa wala feni, shaka kubwa iko kwenye pawasaplai. Katika kompyuta nyingi za mezani, fundi huchomoa plagi yake kubwa kutoka kwenye ubao, akaunga waya wa kijani na waya mweusi wa plagi hiyo. Pawasaplai nzima itaanza kuzunguka, naye atapima kwa mita kama zile volti tatu zinatoka. Zisipotoka, ubadilishwe huo sanduku, na mazabodi iachwe. Kupima huku hakuchukui muda. Fundi asiyepima amejuaje?

Kama feni inazunguka kidogo, halafu inasimama, huenda kuna shoti. Pawasaplai ikiona umeme umepata njia ya mkato, hujizima ili isiungue. Shoti inaweza kuwa skrubu iliyoanguka ikanasa chini ya ubao. Huku kwetu vijijini inaweza kuwa mjusi. Mjusi hupenda joto. Huingia kwa tundu la nyuma, akalala, akakanyaga pale asipopaswa, na akafa na kompyuta. Mende na sisimizi nao hufanya hivyo hivyo. Mkojo wa panya ni mbaya zaidi, kwa kuwa hula shaba ikaota kutu ya kijani.

Kama feni inazunguka vizuri lakini kioo ni giza, jaribuni kwanza kioo chenyewe na waya wake. Halafu ramu. Hapa hata mwanakikundi mwangalifu anaweza kufanya kazi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa bati la kompyuta kwanza, kwa sababu mwili wa mtu hubeba umeme mdogo usiousikia, nao unaweza kuunguza ramu. Fungua vishikizo viwili vya pembeni, toa ramu, sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, rudisha mpaka vishikizo vilie "ta!" Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Kompyuta nyingi sana zilizosemwa zimekufa zimefufuka kwa raba ya mtoto wa shule.

Iko njia nyingine ambayo fundi mzuri huitumia. Anaondoa kila kitu, anaacha ubao, prosesa na feni yake, na pawasaplai tu. Ramu anaitoa yote. Halafu anawasha. Kama ubao una spika ndogo, nao ukalia "pii, pii", huo ni ubao unaolalamika kuwa hauna ramu. Na kinacholalamika kiko hai. Anarudisha ramu moja, anawasha tena. Anaongeza kitu kimoja kimoja. Kile ambacho kikirudishwa kompyuta inakufa, ndicho mgonjwa.

Na kompyuta inayowaka vizuri lakini kila siku inasahau tarehe? Hiyo haina ugonjwa mkubwa. Katika ubao kuna betri ya mviringo, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ni ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati umeme haupo. Huisha baada ya miaka kadhaa. Hubadilishwa kwa mkono, bila kulehemu, na bei yake ni ndogo. Ukiambiwa ulipe fedha nyingi kwa kosa hili, uliza maswali.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa mazabodi yenyewe. Ulio maarufu kuliko yote ni wa kapasita. Kapasita ni vikopo vidogo vya mviringo, vimesimama wima, vingi vikiwa karibu na prosesa. Kila kikopo ni kama mtungi wa maji nyumbani. Bomba likitoa maji kwa kukatakata, mtungi hukupa maji bila kukatika. Kapasita nayo hutuliza umeme kabla haujafika kwa prosesa.

Ndani ya vikopo vingi mna majimaji. Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi mwaka 2007 hivi, viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye majimaji mabovu. Zilivimba na kuvuja baada ya muda mfupi. Kompyuta za Dell OptiPlex GX270 na GX280 zilipatwa sana, na mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo hayo. Tunalisema hili kwa sababu kompyuta za zamani kutoka Ulaya na Marekani huja kuuzwa huku kwetu zikiwa zimekwisha tumika. Mnunuzi wa kompyuta ya zamani afungue ubavu na kutazama. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa kabisa. Kikiwa kimetuna kama mandazi, au kina uchafu wa kahawia juu yake, usinunue. Mbao za miaka ya karibuni nyingi zina kapasita za aina kavu, nazo hazivimbi hivyo.

Dalili zake? Kompyuta hujizima yenyewe, au huwaka baada ya kujaribiwa mara tano, au hukwama katikati ya kazi. Lakini joto nalo huleta dalili hizo. Safisheni vumbi kwanza kwa brashi kavu, feni ikiwa imeshikwa isizunguke.

Kapasita hubadilishwa. Si kazi ya kujifunzia kwenye kompyuta ya kikundi, lakini mwenye mali ajue inavyofanywa. Fundi hupiga picha ya ubao kwanza. Kapasita ina upande chanya na upande hasi, na mstari kwenye kikopo huonyesha hasi. Ikigeuzwa hupasuka. Alama za ubao wenyewe zisiaminiwe ovyo, maana si viwanda vyote huzichapa kwa namna moja. Kama ya zamani imeandikwa mikrofaradi 1500 na volti 6.3, mpya iwe na mikrofaradi 1500, na volti ziwe 6.3 au zaidi, kamwe zisipungue. Iwe ya kuvumilia nyuzi 105, tena ya aina inayotengenezwa kwa kazi hii. Ile iliyong'olewa kwenye redio mbovu haifai. Fundi akivuta kwa nguvu kabla risasi haijayeyuka, atang'oa na shaba ya ndani. Hapo mazabodi inakufa kweli, na aliyeiua ni yeye.

Yako makosa ambayo hata sisi tungesema achaneni nayo. Ubao uliopigwa na radi, uliopasuka, au ulioliwa na kutu hadi njia za ndani, gharama ya kuutengeneza huwa kubwa kuliko kutafuta mwingine. Hata hapo si lazima kununua kompyuta nzima. Ubao wa aina ile ile uliotumika unaweza kutafutwa, mkabaki na diski yenu, ramu yenu na sanduku lenu.

Kwa hiyo tunawajibu wenzetu wa kikundi hivi. Rudini kwa fundi, mwombeni apime pawasaplai mbele yenu na kuwaonyesha namba kwenye mita. Mwombeni atoe ramu na kuijaribu. Mtazame kapasita pamoja naye. Akikataa, chukueni kompyuta yenu, mpelekeeni mwingine. Na kifaa chochote kitakachobadilishwa, cha zamani mrudishiwe mkononi. Hadi mtakapopata jibu, katibu aandike marejesho ya mikopo katika daftari.