Kadi za besiboli: Vijana wafunzwe historia, si bei pekee

MTOTO wa Marekani anapofungua pakiti ya kadi za besiboli siku hizi, mara nyingi hana haja ya kuitazama picha ya mchezaji wala kusoma maandishi yaliyo nyuma yake. Huchukua simu na kutafuta kadi hiyo inauzwa kwa pesa ngapi.

Akiona ina thamani, huitia katika kifuko cha plastiki na kuituma kwa kampuni za kukadiria ubora wa kadi, ambazo huipa alama hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha gumu. Akiona haina bei, huitupa kando pamoja na jina la mchezaji aliye juu yake.

Hali hiyo huwatia uchungu wakusanyaji wa umri mkubwa. Kwao, kadi ilikuwa kitabu cha kwanza cha historia ya mchezo huo. Swali wanalojiuliza ni hili: kijana aliyezoea kuuliza bei atafunzwaje kuuliza habari za mchezaji mwenyewe?

Besiboli ni mchezo wa mpira na gongo, unaofanana kwa mbali na raunda inayochezwa katika shule zetu za msingi. Katika kanda hii, Uganda ndiyo iliyopiga hatua kubwa. Mwaka wa 2012 vijana wa Lugazi waliwakilisha nchi hiyo na kuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki fainali za dunia za Little League, nchini Marekani.

Kadi zake zilianza katika karne ya 19, na nyingi za mwanzo zilitiwa ndani ya pakiti za sigara ili kuvutia wanunuzi. Baadaye kampuni za chingamu zilichukua nafasi hiyo, na kadi zikawa mali ya watoto. Mbele huwa na picha ya mchezaji. Nyuma huwa na takwimu zake na maelezo mafupi ya maisha yake.

Bei iwe mlango

Njia ya kwanza ya kumvuta kijana si kumkemea kwa kupenda pesa. Bei yenyewe inaweza kuwa mlango wa kuingilia, mradi aulizwe ni kwa nini kadi fulani ikawa ghali.

Chukua kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh Pirates, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku ya American Tobacco kati ya 1909 na 1911. Mwaka wa 2022 mojawapo ya kadi hizo iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Ni adimu kwa sababu uchapishaji wake ulisitishwa mapema. Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni kwamba Wagner hakutaka picha yake iwashawishi watoto kununua tumbaku, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba alitaka alipwe kwanza. Kijana anayesikia mvutano huo tayari amekwisha kuingia katika historia: anapima ushahidi na kuuliza nani anasema kweli.

Kisa cha pili ni cha Mickey Mantle wa New York Yankees. Kadi yake iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka wa 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mnamo Agosti 2022, bei iliyokuwa kubwa kuliko zote za kadi za michezo kufikia wakati huo.

Hata hivyo, kadi hizo zilikosa wanunuzi zilipotoka, kwani fungu lililokuwa na picha ya Mantle lilifika madukani msimu ukielekea ukingoni. Sy Berger, aliyekuwa mfanyakazi wa Topps, alisimulia jinsi mabaki yake yalivyopakiwa katika mashua na kutupwa baharini mwaka wa 1960.

Lipo pia fundisho la kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wengi walinunua kadi kwa maboksi wakitumaini zingewatajirisha. Kampuni nazo zilichapisha nyingi mno, na leo sehemu kubwa ya kadi hizo haina thamani ya kutajika. Aliyefuata bei pekee alibaki na karatasi. Aliyewajua wachezaji alibaki na kumbukumbu.

Ageuze kadi

Njia ya pili ni kumzoesha kijana kugeuza kadi na kuichunguza kama ushahidi wa zama zake.

Mfano mzuri ni Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico aliyechezea Pittsburgh Pirates. Kwa miaka mingi ya 1950 na 1960, kadi za Topps zilimwita Bob, jina la Kimarekani ambalo yeye hakulipenda. Kijana akiulizwa ni kwa nini mtu abadilishiwe jina lake, atajifunza jinsi wachezaji waliotoka nchi zinazozungumza Kihispania walivyopokelewa zama hizo.

Akiendelea kusoma, atagundua kwamba Clemente alifikisha mipigo 3,000 iliyofaulu mwishoni mwa msimu wa 1972, na haikuongezeka tena. Mnamo Desemba 31 mwaka huo alifariki katika ajali ya ndege akiwapelekea misaada waathiriwa wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua. Baada ya kupata habari hizo, ni vigumu kijana kuitazama kadi yake kama bidhaa tu.

Kadi nyingine ni ya Hank Aaron ya mwaka wa 1974. Ilimtangaza kuwa mfalme mpya wa mipigo ya 'home run', yaani ile inayomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurejea alikoanzia. La ajabu ni kwamba ilichapishwa kabla hajaivunja rekodi yenyewe.

Aaron alikuwa amemaliza msimu wa 1973 akiwa na mipigo 713, mmoja nyuma ya rekodi ya Babe Ruth ya 714. Katika miezi hiyo ya kungoja, alipokea barua nyingi za matusi na vitisho vya kuuawa kutoka kwa watu waliochukizwa na mtu mweusi kumpita Ruth. Alipiga wa 715 jijini Atlanta mnamo Aprili 8, 1974. Kadi yenyewe haisemi lolote kuhusu barua hizo. Sharti mtu mzima asimulie.

Wasiokuwa na kadi

Njia ya tatu, na pengine yenye uzito kuliko zote, ni kumwonyesha kijana kadi ambazo hazipo.

Kwa zaidi ya nusu karne, ligi kuu za Marekani ziliwafungia nje wachezaji weusi. Mwaka wa 1920, Rube Foster aliongoza kuundwa kwa ligi ya kitaifa ya watu weusi katika mkutano uliofanyika Kansas City, na ligi nyingine zikafuata. Kampuni kubwa za kadi hazikuwajali wachezaji hao.

Ndiyo maana mtoto anaweza kumaliza albamu nzima ya kadi za miaka ya 1930 asikutane na Josh Gibson, mmojawapo wa wapigaji hodari kuwahi kushika gongo. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu haikuwa imetimia baada ya kifo chake, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, Aprili 15, 1947, na kuuvunja ukuta huo wa ubaguzi.

Haki ilichelewa mno. Ni mnamo Desemba 2020 ambapo wasimamizi wa ligi kuu walitangaza kwamba ligi saba za watu weusi za kati ya 1920 na 1948 zilistahili hadhi sawa na ligi kuu. Mwezi wa Mei 2024 takwimu zake zilijumuishwa katika kumbukumbu rasmi, na Gibson akatokea kileleni kwa wastani wa kupiga: mipigo 372 iliyofaulu katika kila majaribio 1,000, akimpita Ty Cobb mwenye 367.

Kijana aliyezoea kusoma takwimu atauelewa uzito wa tarakimu hizo. Atajua kwamba orodha aliyoiamini babu yake haikuwa kamili, na kwamba walioachwa nje hawakuachwa kwa kukosa uwezo.

Yanayoweza kufanywa nyumbani

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Kadi kuukuu zilizokunjika pembe huuzwa kwa bei nafuu, na mtoto anaweza kuzishika bila hofu ya kuziharibu. Pia kampuni huchapisha upya picha za kadi za kale kwa wasioweza kununua zile za asili.

Aidha, ni busara kuanza na mchezaji anayependwa na kijana mwenyewe, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua: rekodi anayoifukuza iliwekwa na nani, naye huyo aliivunja ya nani? Mnyororo huo humfikisha mtoto mbali bila kuhisi kwamba yuko darasani.

Kadhalika, kuna makavazi yanayofaa kutembelewa. Jumba la magwiji wa besiboli mjini Cooperstown, jimbo la New York, lina maonyesho ya kadi, nalo jumba la makavazi ya ligi za watu weusi liko Kansas City.

Wanaodhani kwamba ukusanyaji bila tamaa ya faida hauna maana wamkumbuke Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda mjini Syracuse. Yeye ndiye aliyebuni mfumo wa kuziainisha kadi za Marekani ambao ungali unatumiwa na wakusanyaji.

Burdick aliukabidhi mkusanyiko wake kwa jumba la makavazi la Metropolitan jijini New York, ukiwa na zaidi ya kadi 30,000 za besiboli. Licha ya kuumwa vibaya na viungo, alifika huko mara kwa mara kuzibandika kadi katika albamu kwa mikono yake. Alikamilisha kazi hiyo Januari 1963 na akafariki miezi miwili baadaye.

Miongoni mwa alizozitoa bure imo kadi ya Wagner. Yeyote anaweza kuomba kuelezwa habari zake, na hakuna atakayeuliza inauzwa ngapi, kwa kuwa haiuzwi.