Seli ya Haidrojeni: Uliza Kichocheo Kabla ya Kulipa

Fedha za korosho zinapoingia, mkazi wa Masasi au Newala huenda akatamani mtambo wa umeme wa akiba usio na moshi. Ukiuziwa seli ya haidrojeni, tunakushauri uulize kwanza kichocheo chake ni metali gani.

Seli hii huunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme, joto na maji. Kichocheo ndicho huharakisha kazi hiyo. Katika seli za tindikali zenye joto la chini ya nyuzi 100 za Selsiasi, kwa kawaida ni platini, metali adimu na ghali. Seli za alkali huweza kutumia nikeli, yenye bei nafuu, ila hudhuriwa na kaboni dioksidi ya hewani.

Haidrojeni itokanayo na gesi asilia, kama ile ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, isiposafishwa vema hubaki na kaboni monoksidi. Chembe chache tu za gesi hiyo hufunika platini na kuidhoofisha seli. Basi usikubali kuambiwa kwamba mtungi wowote wa gesi utafaa.

Dai maandishi yanayotaja:
- aina ya kichocheo;
- usafi wa haidrojeni unaotakiwa;
- mahali pa karibu inapouzwa;
- muda wa dhamana.

Muuzaji asipoyatoa, usilipe.