Cheti cha usalama: huthibitisha jina, si mahali

Cheti (nomino, ngeli ya KI-VI, wingi *vyeti*)

Neno hili limetokana na *chitthi* la Kihindi, yaani barua au kikaratasi chenye maandishi. Sauti *ch-* ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, kama katika *chombo/vyombo*, ndipo tukapata *vyeti*. Leo cheti ni waraka ambao mamlaka inayoaminika huutoa kushuhudia jambo: kuzaliwa, ndoa, kuhitimu.

Katika *cheti cha usalama* cha tovuti, jambo linaloshuhudiwa hasa ni kwamba mwenye seva ana mamlaka juu ya jina fulani la kikoa. Kutafsiri kwamba cheti "huthibitisha kuwa tovuti ni salama" ni kupotosha: hata tovuti ya matapeli huweza kuwa na cheti halali.

Tuchukue mfano. Shule moja ya Kibaha na nyingine ya Kisarawe zimeweka kamusi katika seva za mitandao yao ya ndani, kila moja kwa anwani 192.168.1.10. Anwani hiyo ya faragha yaweza kutumika kotekote kwa wakati mmoja, wala hakuna awezaye kudai ni yake peke yake. Ndiyo maana mamlaka za umma haziitolei cheti, kama zisivyoyatolea majina yanayoishia na *.local*. Wanafunzi huonywa na kivinjari kila siku, huzoea kubofya "endelea", na watabofya hata siku onyo litakapokuwa la kweli.

Dawa ni jina. Shule yenye kikoa chake, tuseme kinachoishia na *.sc.tz*, huongeza chini yake jina la kamusi na kulielekeza kwenye anwani ile ya ndani. Kisha huomba cheti kwa Let's Encrypt, mamlaka iliyoanza kuutolea umma vyeti vya bure mwaka 2015. Seva haihitaji kufikiwa kutoka nje: mwombaji huweka maandishi maalumu katika rekodi ya TXT ya kikoa, na mamlaka huyasoma huko. Kwa kuwa muda uliozoeleka wa cheti ni siku 90, programu kama Certbot hukihuisha. Jina nalo huandikwa katika daftari la vyeti lililo wazi kwa wote, lisibebe siri.

Matumizi. Cheti *huisha muda*, kisha *huhuishwa*. Kilichoisha muda si *bandia*: kilikuwa cha kweli. *Shahada*, ingawa asili yake ya Kiarabu ni ushuhuda, ibaki kwa wahitimu wa vyuo.