Breki za Nyuma ya Paja

Kila anayesimama pembeni mwa uwanja wa mchangani ameshaiona. Dakika ya themanini na kitu, mpira mrefu unapigwa nyuma ya mabeki, winga anaufukuza. Hatua ya sita au ya saba anashtuka kama aliyepigwa jiwe. Mkono unakimbilia nyuma ya paja, anachechemea kidogo, anaketi. Hakuna aliyemgusa. Mashabiki wanasema ni nyama za paja, na mara nyingi wamepatia. Wengine wanaongeza kwamba kijana ni mvivu wa mazoezi, na hapo ndipo ninapokataa.

Misuli ya mbele ya paja hunyoosha goti: ndiyo inayopiga shuti na kuurusha mguu mbele. Ya nyuma hukunja goti, lakini mtu anapokimbia kwa kasi ina kazi nyingine ngumu zaidi, nayo ni kushika breki. Mguu ukishatupwa mbele, kabla unyayo haujagusa chini, misuli ya nyuma huuzuia usinyooke kwa kishindo. Inavuta huku yenyewe ikirefushwa. Ni kama mtu anayeshusha ndoo iliyojaa kwa kamba: haachii, ila anairuhusu kamba iende kidogo kidogo, na viganja vyake ndivyo vinavyoumia.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitaka kujua uchovu unazifanya nini breki hizo. Wachezaji 16 walifanya zoezi la dakika 90 lililoiga mechi: kutembea, kukimbia polepole, kuchomoka, kugeuka ghafla, na mapumziko ya dakika 15 katikati. Kabla ya kuanza, wakati wa mapumziko na mwishoni, kila mmoja alikalishwa kwenye kiti cha mashine ya kupimia nguvu. Mashine inaulazimisha mguu unyooke, yeye anaupinga kwa nguvu zake zote.

Nguvu ya breki ilianza kwa wastani wa nyutoni-mita 272. Wakati wa mapumziko ilikuwa 240. Mwisho wa mchezo, 226. Karibu asilimia 17 imepotea, ilhali misuli ya mbele haikudhoofika kwa kiwango cha kutajika. Hebu fikiria lori linaloteremka mlima Kitonga, injini nzima, breki zimelegea. Winga wetu wa dakika ya themanini ndivyo alivyo. Bado anaweza kuutupa mguu mbele kwa nguvu ileile ya dakika ya kwanza, ila wa kuuzuia amechoka.

Ukaguzi wa majeraha katika klabu za kulipwa za Uingereza, uliochapishwa mwaka 2004, unaendana na hili: asilimia 47 ya majeraha ya nyama za nyuma ya paja yaliyotokea kwenye mechi yalitokea katika theluthi ya mwisho ya kipindi cha kwanza au cha pili. Kumbe hata dakika ya arobaini si salama.

Na uchovu wenyewe si wa kufikirika. Nchini Denmark watafiti walichukua vipande vidogo vya msuli kwenye mapaja ya wachezaji baada ya mechi, wakakuta karibu nusu ya nyuzi zake zimeishiwa kabisa, au karibu kabisa, sukari ya akiba. Kwa kijana aliyekuja uwanjani na chai ya rangi peke yake tumboni, akiba hiyo ilikuwa ndogo tangu filimbi ya kwanza.

Kinachonitia moyo ni kwamba breki hizi hujengeka bila mashine yoyote. Piga magoti chini, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jiinamishe mbele taratibu, mwili umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukipinga kuanguka mpaka ushindwe, mikono ikupokee. Denmark hiyohiyo, jaribio lililochapishwa mwaka 2011 lilihusisha timu 50 na wachezaji 942. Waliopewa zoezi hili kwa wiki kumi walipata majeraha 15 ya nyama za nyuma ya paja. Wenzao waliofanya mazoezi ya kawaida tu walipata 52.

Watafiti wa Hull waliongeza swali ambalo makocha wetu wengi hawajalifikiria: zoezi hili lifanywe wakati gani? Walilijaribu kwa wiki nane. Waliolifanya mwanzoni mwa mazoezi walipata nguvu wakiwa hawajachoka. Waliolifanya mwishoni, miguu ikiwa imeshalegea, ndio waliobaki na nguvu zaidi hadi mwisho wa zoezi lile la kuiga mechi.

Anayeanza aanze na mara chache tu, tena si siku ya kuamkia mechi, maana kesho yake mapaja yatauma kweli. Lakini jioni mazoezi yakiisha, kabla viatu havijavuliwa, dakika tano zinatosha: wawili wawili kwenye vumbi, mmoja amepiga magoti, mwingine amemshika vifundo.