Kulainisha Uso wa Chuma: Kazi ya Msasa (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye tupa. Leo ni zamu ya msasa. Wengi hudhani msasa unaondoa mikwaruzo, lakini ukweli ni kwamba kila msasa huacha mikwaruzo yake, ila huwa midogo kuliko iliyotangulia.

Kila chembe iliyogandishwa kwenye karatasi inakata chuma kama kisu. Chembe za namba 80 zina ukubwa wa karibu sehemu ya tano ya milimita. Za namba 400 hazifiki hata sehemu ya ishirini. Mitaro inapokuwa myembamba kuliko wimbi la mwanga, yaani karibu nusu ya sehemu ya elfu moja ya milimita, mwanga hautawanyiki tena. Hapo ndipo chuma hung'aa.

Kwa hiyo kuruka namba ni hasara tupu. Anayetoka 80 akadandia 400 anazitwisha chembe ndogo kazi ya kushusha uso mzima hadi ufikie kina cha mitaro ya kwanza. Karatasi zitaisha, mkono utachoka, na akija kupaka polishi mitaro itajitokeza. Pitia 80, 120, 180, 240, 320, ndipo 400. Kila unapobadili, geuza upande wa kusugua: kama ulisugua kwa urefu, sasa sugua kwa upana. Mikwaruzo ya zamani itakatiza ile mipya, nawe utaona wazi imebaki wapi. Kuanzia 320 napendelea msasa wa maji, kwa sababu maji huchukua vumbi. Chembe moja ya namba 80 iliyosahaulika inatosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima.

Chini ya kila mtaro, kuna tabaka la chuma lililovurugwa ambalo jicho halilioni. Mikwaruzo ikishapotea, endelea kusugua kidogo ili kuliondoa. Kwenye bawaba ya mlango jambo hili halina uzito, lakini kwa mchunguzi wa metali ndilo la kwanza. Mwaka 1863, huko Sheffield, Uingereza, Henry Clifton Sorby aling'arisha vipande vya feleji kwa uangalifu mkubwa, akavipitishia tindikali hafifu, akavitazama kwa hadubini. Alikuta muundo wa ndani wa feleji uko wazi mbele yake. Kama angeharakisha kwenye msasa, tindikali ingemwonyesha mikwaruzo yake mwenyewe.

Juma lijalo tutazitazama chembe zenyewe, kuanzia emeri ya kisiwa cha Naxos, Ugiriki, hadi kaborandamu ya Edward Goodrich Acheson.