Jinsi ya Kuchagua Kigari cha Mtoto Mchanga

Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Mtoto anapozaliwa, ndugu na majirani huleta zawadi: kanga, mashuka, sabuni, beseni la kuogea. Siku hizi, katika miji kama Morogoro, zawadi mojawapo huweza kuwa kigari cha mtoto. Kigari kinapendeza machoni, lakini si kila kigari kinachouzwa kinamfaa mtoto mchanga. Vingine vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto anayeweza kukaa mwenyewe. Mtoto wa wiki mbili akiwekwa humo anaweza kukosa hewa huku anayemsukuma akidhani amelala. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei au rangi, jiulize mambo mawili: je, kigari hiki kinaufaa mwili wa mtoto, na je, kinaifaa njia atakayopita?

Tuanze na mwili wa mtoto. Kichwa cha mtoto mchanga huchukua takribani robo ya urefu wa mwili wake wote, ilhali kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa hicho kizito kinakaa juu ya shingo ambayo haijakaza. Mtoto akiketishwa, kidevu huangukia kifuani, na njia ya hewa, ambayo ni nyembamba na laini, hujipinda kama mrija uliokunjwa. Mtu mzima angeinua kichwa. Mtoto mchanga hana nguvu hizo, na mara nyingi hawezi hata kulia. Ndiyo maana sharti la kwanza ni kwamba kigari kiwe na mahali pa kumlaza mtoto chali, pakiwa pamenyooka kabisa. Dukani, laza kiti hadi mwisho kisha kitazame kwa ubavuni. Kama mgongo wa kiti bado umeinuka, hicho ni kigari cha mtoto mkubwa. Kwa kawaida, mtoto huanza kukaa bila kushikwa akiwa na umri wa miezi 6 hivi, na hapo ndipo kiti cha kukalia humfaa.

Godoro la kigari linatakiwa kuwa gumu kiasi na kuenea vizuri pande zote. Godoro laini linalobonyea, mto, au blanketi zito karibu na uso ni hatari kwa sababu huweza kumziba pua. Starehe ya mtoto mchanga haitokani na ulaini, bali na kulala sawasawa, kupata hewa na kutotikiswa sana. Kwa mtoto anayekaa, tafuta mikanda ya sehemu tano: miwili ya mabega, miwili ya nyonga na mmoja wa katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni peke yake hauzuii mtoto kuteleza chini wala kusimama ghafla.

Sasa tutazame umbo la kigari chenyewe. Mwanafunzi wa Fizikia anajua kwamba chombo chenye kitako kipana na kitovu cha uzito kilicho chini hakipinduki kwa urahisi. Kanuni hiyo inahusu kigari pia. Chukua mfano wa kigari cha kilo 8 kilichombeba mtoto wa kilo 4. Mama anatoka sokoni na kutundika kwenye mpini mfuko wa mchele, nyanya na mafuta wenye kilo 6. Mfuko huo ni mzito kuliko mtoto, tena uko juu na nyuma ya magurudumu. Kigari kinaweza kupinduka kinyumenyume, hasa mtoto anapotolewa. Mizigo iwekwe kwenye kikapu kilicho chini ya kigari, wala isitundikwe kwenye mpini. Vilevile jaribu breki kabla ya kununua: zifunge, kisha sukuma. Breki nzuri hushika magurudumu mawili au zaidi.

Kagua pia sehemu zinazokunjwa. Mwaka 1965 mhandisi wa ndege wa Uingereza, Owen Maclaren, alibuni kigari chepesi cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Ubunifu huo ulirahisisha safari, lakini kila kinachokunjwa kina bawaba, na bawaba hubana vidole. Mwaka 2009 kampuni yenye jina lake iliwatangazia wateja wa Marekani urekebishaji wa vigari vipatavyo milioni 1, baada ya kupatikana taarifa 12 za watoto waliokatika ncha za vidole kwenye bawaba. Basi hakikisha kwamba bawaba zimefunikwa, kwamba kufuli ya kuzuia kigari kisijikunje inafanya kazi, na kwamba mtoto yuko mbali wakati wa kukikunja au kukikunjua.

Jambo la pili ni njia. Kihonda iko kando ya barabara kuu ya kwenda Dodoma, ng'ambo ya Msamvu. Kwenye lami, au kwenye sakafu ya stesheni ya treni ya mwendokasi, kigari chochote kizima huteleza bila shida. Lakini ndani ya mitaa hali ni nyingine: wakati wa kiangazi kuna vumbi na mchanga, wakati wa masika kuna matope na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua. Gurudumu dogo la plastiki hunasa kwenye kila shimo, na kila linaponasa, kichwa cha mtoto hutikisika. Kwa njia kama hizo, chagua magurudumu makubwa yenye mpira, na chuma kisicholegea. Upande wa pili wa mji, mitaa inayopanda kuelekea safu ya Uluguru ina miteremko. Huko anayesukuma asiachie mpini hata kwa dakika moja, na akisimama afunge breki na kukigeuza kigari ubavu kwa mteremko.

Joto nalo ni sehemu ya njia. Watu wengi hufunika kigari kwa kanga ili kumkinga mtoto na jua. Nia ni njema, lakini kanga huzuia hewa kupita, na ndani ya muda mfupi joto humo hupanda kuliko nje. Tena humfanya anayesukuma asimwone mtoto. Tumia kivuli cha kigari chenyewe na chandarua chenye matundu, na pita upande wenye miti. Ukitaka kujua kama mtoto amepata joto kupita kiasi, mguse kifuani au shingoni kwa nyuma; mikono na miguu yake huweza kuwa baridi hata mwili ukiwa wa moto.

Vigari vya mtumba vina bei nafuu, na si vibaya kama vimekaguliwa. Tafuta kibandiko chenye maandishi EN 1888, ambacho ni kiwango cha Ulaya cha vigari vya watoto. Vuta mikanda yote, zungusha kila gurudumu, tazama kama chuma kimepasuka au kufungwa kwa waya, na kikunje mara tatu mbele ya muuzaji. Kigari chenye breki mbovu si cha kununua kwa matumaini ya kukitengeneza baadaye.

Je, asiyeweza kununua kigari amepungukiwa? Hapana. Safari za mwanzo za mtoto ni chache, na nyingi ni za kliniki: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Katika umri huo mikono ya mlezi inatosha, kichwa kikiwa kimeshikwa na uso ukiwa wazi. Shingo ikishakaza, mbeleko humbeba mtoto mgongoni miguu ikiwa imetanuka na magoti yameinuka, mkao ambao ni mzuri kwa nyonga zake zinazokua. Mbeleko hupita penye matope, hupanda daladala na haihitaji breki. Kigari ni msaada kwa mlezi mwenye njia nzuri. Si kipimo cha mapenzi kwa mtoto.

Katika nyumba nyingi, anayekabidhiwa mtoto mama anapokuwa kazini au jikoni ni kaka au dada anayesoma sekondari. Ukikabidhiwa kigari, mambo matatu yasikutoke akilini: mtoto alale chali, uso wake uonekane, na mkono wako usiachie mpini.

Maswali

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) haijakaza (b) bawaba (c) mpini (d) mtumba.
2. Kwa nini mtoto mchanga akiketishwa anaweza kukosa hewa? Toa hoja mbili.
3. "Kigari ni msaada kwa mlezi mwenye njia nzuri, si kipimo cha mapenzi kwa mtoto." Jadili kauli hii kwa kutumia hoja tatu kutoka katika habari.
4. Neno "kigari" limetokana na neno gani? Taja mabadiliko ya maana yaliyoletwa na kiambishi ki-.
5. Fupisha aya inayohusu joto kwa maneno yasiyozidi 40.

Zingatia: Katika swali la 3, mtahiniwa asinakili sentensi za kifungu. Kila hoja iandikwe kwa maneno yako mwenyewe na iambatane na mfano. Katika swali la 5, ondoa mifano na ubakize mambo makuu: hatari ya kanga, kinachofaa badala yake, na namna ya kupima joto la mtoto.