Mji Mdogo Uliojiinua kwa Jembe

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kaskazini, kuna mji mdogo uitwao Todmorden. Umekaa bondeni katikati ya vilima vya Pennines, na wenyeji wake wapata 15,000 tu. Zamani mji huo ulikuwa na utajiri kwa ajili ya viwanda vya pamba. Hata jumba lake la baraza, lililofunguliwa mwaka 1875, laonyesha mpaka leo jinsi fedha ilivyokuwa ikiingia. Lakini viwanda vile vilifungwa kimoja kimoja, na kazi zikapungua. Msomaji aliyepata kuona soko likififia hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2008 Bibi Pam Warhurst, ambaye hapo kwanza alikuwa kiongozi wa halmashauri ya wilaya ile, alishauriana na Bibi Mary Clear na rafiki zao wengine. Walijiuliza: Ni jambo gani liwezalo kuwaunganisha watu wote, wazee na vijana, matajiri na maskini? Wakaona ni chakula, maana hakuna asiyekula. Hawakungoja fedha ya Serikali, wala hawakuandika maazimio marefu. Walishika majembe. Ndivyo kilivyoanza chama kiitwacho Incredible Edible.

Kazi yenyewe ni hivi. Watu wa kujitolea, wasiopokea mshahara, hutafuta vipande vya ardhi visivyotumika, wakavilima na kupanda mboga na matunda. Walipanda kando ya njia, penye stesheni ya gari la moshi, na ukingoni mwa mfereji. Mbele ya kituo cha polisi walipanda mahindi. Penye nyumba ya waganga palikuwa na vichaka vya miiba. Viling'olewa, ikapandwa mimea ya kuliwa. Na kila apitaye, awe mwenyeji au mgeni, ana ruhusa kuchuma bila kulipa.

Labda mtu atauliza, Je, wezi? Lakini aliyepewa ruhusa ya kuchuma ana haja gani ya kuiba?

Tena isidhaniwe kwamba bustani hizo zalisha mji mzima. Sivyo, ni vipande vidogo mno. Faida yake kubwa ni nyingine, nayo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ujirani: mtu akisimama kuchuma jani, huuliza jina lake na namna ya kulipika, na watu waliokuwa wakipitana kimya huanza kuzungumza. Ya pili ni mafundisho: watoto hujifunza kwa macho na mikono yao chakula kitokako. Ya tatu ni biashara. Chama kilitengeneza ramani ya kuonyesha mahali wanapouza mayai ya kuku wa pale pale, watu wakazidi kuyatafuta. Kisha kikafanya njia ya kutembelea bustani, nayo haikupita nyuma ya mji, bali ilipita sokoni na mbele ya maduka madogo. Basi wageni waliokuja kutoka nchi nyingi kutazama mboga walinunua pia chai, mkate na jibini, na fedha ikabaki kwa wenyeji.

Habari hizo zilienea. Katika Uingereza vimeanzishwa vyama zaidi ya 100 vya namna hiyo, na katika Ufaransa pia watu wengi wameufuata mfano huo.

Ninyi wakuu wa vijiji na walimu, tazameni neno hili. Mji ule haukuwa na dhahabu, wala hakuna tajiri aliyeuokoa. Ulikuwa na udongo uliosahauliwa, na watu wachache waliokubali kuanza mbele ya macho ya wenzao, mahali ambapo kila mtu hupita. Je, mbele ya baraza yako, au kando ya shule yako, hakuna kipande kama kile? Mtaka cha mvunguni sharti ainame.